Ndumakuwili Mbele ya Baraza

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za kazi moja ya zamani, nayo ni kazi ya mtu asemaye kwa ajili ya mwenzake mbele ya waamuzi. Mtu huyo tunamwita wakili. Neno hilo lilitujia kutoka kwa Waarabu, na maana yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwingine. Yafaa tulishike neno hilo la kukabidhi, kwani ndilo mzizi wa habari yote. Mwenye shauri humkabidhi wakili hati zake na fedha zake, na zaidi ya hayo humkabidhi siri zake. Humwonyesha mahali ambapo neno lake lina nguvu, na mahali ambapo ni dhaifu. Akiisha kufanya hivyo hana tena pa kujificha. Kama aliyekabidhiwa si mwaminifu, hasara itatoka ndani ya nyumba wala si nje. Ndiyo maana wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Swali letu ni hili: wakili akimsaliti mtu wake, ni nani amwadhibu, na kwa adhabu gani? Tutalitazama swali hilo hasa kwa macho ya watu wa nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo. Huenda msomaji akashangaa, maana kwa muda mrefu sana nchi hiyo haikuwa na mawakili. Lakini hapo ndipo penye fundisho, kama tutakavyoona.

Kwanza tuyatenge makosa yenyewe, kwani si kosa moja. Liko kosa la kula amana: wakili hupokea fedha za mtu wake, ama fidia ama bei ya shamba, naye akazitumia kama zake. Liko kosa la udanganyifu: humwambia mtu wake kwamba shauri limefunguliwa, kumbe hati bado imo mezani mwake; au hupeleka mbele ya hakimu hati anayoijua kuwa ya uongo. Na liko kosa la tatu, ambalo wanasheria wa siku hizi huliita mgongano wa maslahi, na ambalo Waswahili walikwisha kulipa jina zamani: undumakuwili. Tuseme mtu wa Muhambwe ana ugomvi na jirani yake juu ya shamba la migomba. Amwendea msemaji, amwambia yote. Kumbe msemaji huyo alikwisha kupokea fedha za jirani, au yeye mwenyewe ataka kulinunua shamba lile. Mtu huyo hata akisema vizuri barazani, hasemi kwa moyo mmoja. Na ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani. Aliyeibiwa fedha hujua kwamba fedha hazipo. Aliyesemewa na ndumakuwili hudhani tu kwamba ameshindwa kwa haki.

Sasa tuanze na habari za nchi za milimani zenyewe. Mashariki ya mpaka wa Burundi ndiyo nchi ya Buha, na Kiha na Kirundi ni ndugu, hata wasemaji wake husikilizana. Katika Burundi, tangu zamani za wafalme, walikuwako wazee waitwao abashingantahe. Jina lao latokana na intahe, yaani fimbo waliyoishika wakati wa kuamua, nao waliigonga chini kwa fimbo hiyo. Mtu hakuzaliwa na fimbo ile, wala hakujitwalia. Watu walimtazama kwa muda mrefu: je, ni msema kweli? Je, hutawala ulimi wake, na pombe yake, na nyumba yake? Walipomridhia, alifanyiwa karamu, akaapa mbele ya jamaa na majirani kwamba atasema kweli na kuitetea haki ya kila mtu. Tangu siku ile alihesabiwa kuwa mtu wa watu wote.

Lakini wazee wale hawakuwa malaika, na desturi ilijua hivyo. Yule aliyepokea mlungula, au aliyempendelea ndugu yake, aliweza kukemewa na wenziwe, au kutozwa faini ya pombe, au kuondolewa katika heshima ile asihesabiwe tena. Adhabu hiyo ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko kutozwa ng'ombe, maana aliyevuliwa heshima mbele ya wale wale waliomshuhudia akiapa hakuwa na pa kuificha aibu yake. Hata hivyo palikuwa na mlango mdogo ambao uovu uliweza kuuingilia. Wenye shauri walikuwa na desturi ya kuwapa wazee pombe, waliyoiita agatutu k'abagabo. Mwanzo wake ilikuwa shukrani na ukarimu. Pombe ilipogeuka kuwa sharti la kusikilizwa, maskini asiye na ndizi za kutosha alikuwa amekwisha kushindwa kabla hajafungua kinywa. Twaona hapa jambo litakalorudi mara nyingi: zawadi huanza kama heshima, huishia kama bei.

Sasa tuvuke bahari kidogo, na sababu ya kuvuka ni hii. Tangu mwaka 1920 sheria za Uingereza ziliingizwa katika Tanganyika, na kanuni za mawakili wetu wa leo zina mizizi kule. Waingereza nao walisumbuliwa na jambo hili mapema. Mwaka 1275, katika zama za mfalme Edward wa Kwanza, ilitungwa sheria huko Westminster juu ya wasemaji wa mahakamani. Msemaji aliyefanya hila ili kuidanganya mahakama au mmoja wa wenye shauri alifungwa mwaka 1 na siku 1, na baada ya kifungo hakusikilizwa tena katika mahakama ya mfalme. Miaka 5 baadaye, mwaka 1280, mji wa London ulitunga kanuni zake wenyewe. Humo iliandikwa kwamba msemaji aliyechukua fedha za pande mbili katika shauri moja azuiwe kazi yake kwa miaka 3. Wanasheria wa kale walikuwa na neno la Kilatini la kumwita mtu wa mahakamani alaye kwa pande mbili, na maana yake ni mtu mwenye mikono miwili ya kuume. Yaani hana mkono wa kushoto. Kila upande kwake ni upande wa kupokea.

Tukizilinganisha habari hizi mbili, ya mlimani na ya ng'ambo, twaona kwamba zafanana, ijapokuwa watu wale hawakupata kuonana. Kifungo na faini zaweza kumpata mwizi yeyote. Lakini kwa msemaji asiye mwaminifu, Warundi na Waingereza waliongeza adhabu ya namna ya peke yake: walikichukua kile walichompa. Kwa mmoja ni heshima ya fimbo, kwa mwingine ni ruhusa ya kusikilizwa. Basi na tuliweke neno hili moyoni: huwezi kumnyang'anya mtu kitu ambacho hukumpa. Asiyepewa fimbo hawezi kuvuliwa fimbo.

Neno hilo ndilo litakalotusaidia kuifahamu historia ya Kasulu na Kibondo. Nchi ya Buha ilikuwa na falme kadhaa, kila moja na mwami wake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, na nyingine tena. Mwami na watwale wake ndio walioamua mashauri. Mengi yalikuwa ya ng'ombe, maana palikuwa na desturi ya ubugabire: mtu alipewa ng'ombe na mkubwa, akalipa kwa kazi na utii, na ng'ombe walipozaa, ulizuka ugomvi wa nani mwenye ndama. Mengine yalikuwa ya mahari na ya wake waliotoroka.

Wadachi walikuja, kisha wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 Wabelgiji waliitwaa Kigoma, mwaka 1916, wakakaa mpaka mwaka 1921 walipowaachia Waingereza. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliendesha utawala kwa mkono wa machifu. Mwaka 1929 ilitungwa sheria mpya ya mahakama za wenyeji. Mahakama hizo ziliondolewa chini ya Mahakama Kuu, zikawekwa chini ya watawala. Rufani ilitoka kwa chifu kwenda kwa bwana shauri wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Na mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Wakubwa walihofu kwamba mawakili wangerefusha mashauri, wangekula fedha za watu, na kuitia desturi ya nchi katika maneno ya vitabu.

Hatusemi kwamba hofu hiyo ilikuwa ya bure. Wakili mbaya ni hasara kweli. Walakini dawa waliyoitumia iliacha jeraha lingine wazi, nalo ni la pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa baraza lenyewe. Chifu ndiye aliyesimamia kodi, ndiye aliyetoa amri za kilimo na za barabara, na ndiye aliyeketi kumhukumu mtu aliyeshtakiwa kwa kuvunja amri hizo. Hata chifu mwenye nia njema alikuwa amevaa kofia mbili. Heshima ya mtu haiondoi mgongano wa kazi zake. Tukimtaja Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeshika utawala wa Heru mwaka 1946 na kujulikana mbali nje ya Buha, hatumlaumu yeye. Twasema tu kwamba kiti chenyewe kilijengwa hivyo, yeyote aliyeketi juu yake. Na mtu mdogo aliyekosana na mtwale wake hakuwa na msemaji wa kumsemea.

Upande wa pili ni wa wasemaji. Mawakili walikatazwa, lakini haja ya kusemewa haikukatazika. Tukumbuke hali ya Waha wakati ule. Wanaume wengi walikwenda manamba, kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na kwingineko pwani. Tangu mwaka 1944 shirika la wenye mashamba, lililoitwa SILABU, liliwaandika watu huko Buha na kuwasafirisha. Mtu akiwa Tanga hakujua habari za ng'ombe wake, wala za shamba lake. Aliporudi akakuta mambo yamegeuka, alitaka kushtaki, na akishindwa kwa chifu alitaka kukata rufani boma. Boma ni mahali pa karatasi, na wengi wakati ule hawakujua kuandika. Hivyo alimwendea yule ajuaye kalamu. Mwandishi wa barua alikuwa msaada kwa wengi, na wako waliofanya kazi hiyo kwa uaminifu. Lakini aliweza kumwandikia mdai asubuhi na mdaiwa jioni. Aliweza kupokea fedha za kuipeleka barua, asiipeleke. Hakuwa ameapa popote. Jina lake halikuwa katika daftari lolote. Alipomdhulumu mtu, ndugu zake wangeweza kumkasirikia, lakini hapakuwa na mtu wa kumvua kazi yake, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyempa.

Wakati huohuo, katika miji kama Dar es Salaam na Tanga, mawakili walikuwako, wengi wao Wahindi na Wazungu, nao walizidi kutiwa chini ya kanuni. Mwaka 1954 ilitungwa Sheria ya Mawakili, ikaanza kazi mwaka 1955, na chama chao, Chama cha Mawakili cha Tanganyika, kikaanzishwa wakati huo. Sheria hiyo imebaki mpaka leo, ijapokuwa imerekebishwa mara nyingi. Iliweka mambo mawili tunayoyataka. La kwanza ni Daftari la Mawakili: hapana awezaye kufanya kazi ya uwakili jina lake lisipoandikwa humo. La pili ni Kamati ya Mawakili, ambamo waliwekwa jaji, Mwanasheria Mkuu wa Serikali au mtu wake, na wakili mmoja kutoka chamani. Mtu yeyote aliyedhulumiwa aweza kupeleka malalamiko mbele yake pamoja na hati ya kiapo. Wakili huitwa ajibu. Akionekana ana hatia, Kamati yaweza kumwonya, au kumsimamisha kazi kwa muda, au kuamuru jina lake lifutwe katika daftari. Na asiyeridhika, aweza kwenda Mahakama Kuu.

Je, msomaji aiona intahe ndani ya daftari hilo? Jina huandikwa mbele ya watu, na jina hufutwa mbele ya watu. Ila kwa mtu wa Kibondo, mnamo 1955, daftari hilo lilikuwa mbali kama mwezi. Sheria ya kumwadhibu wakili ilikuwapo. Wakili wa kuadhibiwa hakuwapo kwake. Na msemaji aliyekuwapo kwake hakuguswa na sheria ile.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, Watanganyika Waafrika waliosomea sheria walihesabika kwa vidole. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, kikaanza na wanafunzi wasiozidi 15. Mwaka 1963 utawala wa machifu uliondolewa, na mwaka huo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kazi mwaka 1964. Mahakama za wenyeji zikawa mahakama za mwanzo, na ngazi ya rufani ikafika tena Mahakama Kuu. Kofia mbili za chifu zikatengwa: mtawala akaenda upande wake, hakimu upande wake. Hilo lilikuwa tendo kubwa la kuondoa mgongano tuliousema. Lakini katazo la mawakili katika mahakama za mwanzo liliendelea kwa miaka mingi. Mwenye shauri aliweza tu kusemewa na ndugu au mtu wa nyumbani mwake, kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 2021 sheria iligeuzwa, mawakili wakaruhusiwa kusimama katika mahakama ya mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi.

Kabla ya kufika huko, nyanda za Kasulu na Kibondo zilipata kuishuhudia intahe yenyewe. Baada ya vita vya Burundi vya mwaka 1993 na miaka iliyofuata, wakimbizi wengi sana walivuka mpaka. Makambi yalifunguliwa: Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, Kanembwa, Nduta na Mtendeli upande wa Kibondo. Wazee abashingantahe waliendelea kuamua mashauri humo kambini. Mwaka 2000 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya jeuri waliyotendewa wanawake katika makambi hayo. Ilieleza kwamba wanawake waliopigwa na waume zao waliyapeleka mashtaka kwa wazee hao, na mara nyingi wazee waliuelemea upande wa mume, wakamhimiza mke arudi nyumbani apatane naye. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo mapatano ya amani ya Burundi yalitiwa sahihi Arusha, nayo yaliitaja desturi ya wazee hao kuwa jambo la kurudishiwa heshima yake. Basi katika mwaka mmoja desturi ile ile ilisifiwa na kulaumiwa. Twaona hapana kinyume. Fimbo ni nzuri iwapo walioko chini yake waweza kuiomba irudishwe. Katika kambi, wazee wanaume walipowaamua wanaume wenzao dhidi ya wanawake, mwanamke hakuwa na mahali pa kusema, "Mzee huyu ni upande mmoja, na aondoke."

Sasa turudi kwa mawakili, tuone kanuni ya ndumakuwili inavyofanya kazi katika mahakama za siku hizi. Mfano mmoja mashuhuri ulitoka Kenya mwaka 1993. Kampuni ya King Woollen Mills ilikopa fedha, na mawakili waliotengeneza hati za mkopo walizitengeneza kwa ajili ya mkopaji na wakopeshaji pamoja. Ugomvi ulipotokea, mawakili wale wale walisimama upande wa wakopeshaji dhidi ya mkopaji. Mkopaji akalalamika kwamba watu hao walikwisha kuyajua mambo yake. Mahakama ya Rufani ilimkubalia, ikawazuia wasiendelee na shauri lile. Fundisho lake ni jepesi kulifahamu: siri aliyokabidhiwa wakili haimaliziki pamoja na kazi. Hata ukiisha kumlipa, hata mkiisha kuagana, hana ruhusa ya kuichukua siri yako na kuifanya mkuki wa adui yako.

Katika Tanzania kanuni za mwenendo wa mawakili zilitolewa upya mwaka 2018, na mgongano wa maslahi umo ndani yake, pamoja na wajibu wa kutunza siri na wa kutunza fedha za mtu mbali na fedha za wakili. Wala msomaji asidhani kwamba kanuni hii ni ya kuwapendeza mawakili. Ni kinyume chake. Wakili anayeikataa kazi kwa sababu alikwisha kumsemea adui yako amekosa ujira, lakini ameilinda haki yako na haki ya yule mwingine pia.

Hata hivyo mkono unaoadhibu nao yapasa utazamwe. Uwezo wa kumfuta mtu katika daftari ni uwezo wa kumnyima riziki na sauti, na waweza kuangukia pasipo udanganyifu wo wote. Mwaka 2020 Kamati iliamuru jina la Fatma Karume, aliyepata kuwa rais wa Chama cha Mawakili, lifutwe. Hakuwa amemwibia mtu wake. Shauri lilihusu maneno aliyoyaandika katika hoja zake mahakamani. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliiondoa amri hiyo. Tunaitaja habari hii ili ionekane kwa nini sheria iliacha mlango wa rufani. Wakili anayeogopa kufutwa kwa sababu ya kumsemea mtu wake kwa ushujaa hafai kitu. Na wakili asiyeogopa kufutwa kwa sababu ya kumwibia mtu wake ni hatari. Adhabu njema ni ile inayozijua tofauti hizo mbili.

Na leo je, Kasulu na Kibondo? Mashauri ya ng'ombe wa ubugabire yamepungua, na ya ardhi yamezidi. Operesheni ya mwaka 1972 iliwahamisha watu wengi wa Kigoma na kuwapanga katika vijiji, na palipo watu waliohamishwa hapakosi ugomvi wa nani alikuwa na shamba lipi. Kwa sheria ya mwaka 1999 kijiji chaweza kuwa na baraza la ardhi la watu 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Baraza la kata nalo, tangu sheria ilipogeuzwa mwaka 2021, lasuluhisha wala halihukumu. Katika mabaraza hayo hapana wakili, lakini ndumakuwili aweza kuwapo. Mjumbe aliye shemeji wa mdai, au mwenye shamba lililopakana na lile linalogombewa, amevaa kofia mbili za chifu wa kale. Yafaa aseme mwenyewe na kuondoka kitini, na akinyamaza, yafaa watu waseme.

Na mwandishi wa barua wa zamani naye hakufa. Siku hizi watu humwita kishoka. Huvaa koti, huzunguka karibu na mahakama, hujiita wakili, hupokea fedha, huandika hati. Sheria ya Mawakili imemkataza: asiye wakili kujifanya wakili ni kosa la jinai, na anayetengeneza hati yapasa aandike jina lake na anwani yake juu yake. Watu wengi waliokula hasara kwa vishoka huja kusema kwamba wakili amewadhulumu. Sivyo, aliyewadhulumu hakuwa wakili, na kwa hiyo Kamati ya Mawakili haina jina la kufuta. Huyo ni wa polisi.

Basi tuyakusanye maneno yetu kwa faida ya msomaji. Kabla hujamkabidhi mtu shauri lako, uliza jina lake liko katika daftari. Daftari hilo hutunzwa na Mahakama, na siku hizi laweza kutafutwa hata kwa simu. Muulize waziwazi kama amepata kumsemea yule unayegombana naye, au kama ana faida yake mwenyewe katika jambo hilo. Patana ujira kwa maandishi, na kila fedha uitoayo uipatie stakabadhi. Shika nakala ya kila hati, na hati isiyo na jina la aliyeiandika uikatae. Ukiona umesalitiwa, usiende kulia kilabuni peke yake; andika malalamiko, yaapie, yapeleke kwenye Kamati.

Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Wale wazee wa milimani hawakuwa na polisi wala karani, lakini fimbo zao zilikuwa na nguvu kwa sababu watu waliotazama wakati wa kuitoa waliendelea kutazama baada ya kuitoa. Daftari la leo ni karatasi tu kama hapana anayelalamika. Wakili mwaminifu hana hasara kwa malalamiko ya kweli, kwa maana yeye ndiye wa kwanza kuharibiwa jina na mwenziwe ndumakuwili. Na mtu wa kijijini anayekaa kimya kwa hofu, au kwa kudhani kwamba mambo ya sheria ni ya wasomi, amemwachia msemaji wake mikono miwili ya kuume.